Barazani kwa Bibi: Udongo wa kaburi haujakauka, naweza kurudi mwaloni?

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Mwanza na zote zinahusu kufiwa na mwenza. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu imebeba mambo ambayo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa vipande. Majina tumeyaondoa.

SWALI

Shikamoo Bibi. Nina umri wa miaka 39, naishi Igombe hapa Ilemela, na nina watoto watatu. Mume wangu alifariki mwezi wa tatu mwaka huu. Alikuwa na presha. Alianguka mwaloni, pale mitumbwi inapotua, asubuhi wakati anapokea hesabu kwa wavuvi wake, tukamkimbiza hospitali, jioni hakuwepo tena. Tulimzika kwao Ukerewe. Ndoa yetu ilikuwa ya kanisani na cheti ninacho.

Ameacha mitumbwi miwili ya dagaa, injini mbili, nyavu, taa za sola, na kiwanja Buswelu ambacho tulishakijenga msingi. Kazi yangu mimi ilikuwa kuanika dagaa na kuwapelekea wateja wangu soko la Mwaloni Kirumba. Tangu msiba sijakanyaga mwaloni. Nikifika kwenye mwembe wa pale juu miguu inagoma, narudi nyumbani. Siku ya kuanua matanga shemeji mkubwa aliondoka na injini moja, akasema anaitunza isiibiwe. Nahodha wa mtumbwi unaofanya kazi ananiletea hesabu akijisikia. Kijana wangu wa kwanza yuko kidato cha tatu na ameanza kusema ataacha shule aingie ziwani.

Wiki iliyopita mama mkwe alinipigia simu kwamba ukoo umekaa, na shemeji mdogo ndiye atakayenitunza. Kama sitaki, nirudi kwetu Magu, watoto wabaki. Jirani naye anasema nikianza kuanika dagaa sasa hivi watu watasema nilikuwa nasubiri afe, maana hata udongo wa kaburi haujakauka.

Kuna jambo nimeogopa kulisema. Alfajiri namsikia anakohoa uani, vilevile alivyokuwa akikohoa akijiandaa kwenda kupokea mitumbwi. Mimi siogopi, ila dada yangu anasema marehemu anadai kitu, twende kwa mtaalamu wa kienyeji. Bibi, nimechanganyikiwa? Nianzie wapi?

Mama wa watatu, Igombe

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nami nilifiwa na mume mwaka 2009, na kabla ya hapo nilikuwa muuguzi hapa Mwanza kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nimekaa na wajane wengi, kitandani na barazani.

Naanza na kile kikohozi, kwa sababu ndicho kinachokuogopesha kimoyomoyo, na ndicho kinachoweza kukumalizia fedha usizonazo. Hujachanganyikiwa. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha utafiti baada ya kuzungumza na wajane na wagane karibu 300 wa eneo lake. Karibu nusu yao walimwambia wamewahi kumwona marehemu, kumsikia, au kuhisi tu kwamba yupo karibu. Wengi walikuwa hawajamwambia mtu yeyote. Na wengi walisema jambo lile liliwafariji. Hao ni watu wa mbali na kwetu, lakini nimeyasikia hayohayo kwa akina mama wa Kayenze, wa Nansio na wa Misungwi. Miaka yote hiyo ulilala ukisikiliza mtu anayeamka kwenda ziwani. Sikio bado liko zamu.

Kama familia inataka kumkumbuka kwa misa, kwa dua, au kwa kupika chakula wazee wa kwao wakae pamoja, fanyeni. Hayo ni ya heshima. Ninachokataa ni mtu atakayekuambia mumeo hatulii mpaka utoe mbuzi na laki kadhaa, kisha akutajie na jina la jirani "aliyemuua". Presha inaua bila mkono wa mtu. Na wewe, kama hujapima ya kwako tangu msiba, nenda zahanati wiki hii ukapime. Nimewaona wajane wengi wakija wodini mwaka mmoja baada ya waume zao, na ugonjwa walikuwa nao muda wote huo bila kujua.

Ukiona umepita wiki kadhaa huwezi kula, huwezi kuamka kuwapikia watoto, umeanza kutegemea pombe ili ulale, au wazo limekujia kwamba watoto wangekuwa afadhali bila wewe, hapo usisubiri barua ya Bibi. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaseme kwa maneno hayohayo. Hospitali ya Bugando ina huduma ya afya ya akili, na watu wanaoenda pale si vichaa, ni watu kama mimi na wewe.

Sasa mwaloni. Jirani anasema ni mapema. Kwa imani ya Kiislamu eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na hiyo ina sababu zake na ina mwisho. Wewe ni Mkristo na umeshatimiza miezi minane. Hakuna aliyekuwekea tarehe isipokuwa mdomo wa jirani, na jirani halipi kodi yako wala hanunui sabuni ya watoto wako.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote kwenye barua hii ni hili: kulia na kufanya kazi vinakaa kwenye siku moja. Watu wengi wanadhani huzuni ni lazima iishe kwanza, ndipo maisha yaanze. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Utrecht kule Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika kwamba mfiwa anayepona huwa anakwenda na kurudi. Saa hii yuko kwenye msiba, anaangalia picha, analia. Saa ijayo yuko kwenye mambo ya kuishi, anahesabu fedha, anajifunza kazi aliyokuwa akiifanya marehemu. Halafu kuna saa anapumzika na vyote viwili, anacheka na watoto, na hilo nalo ni sehemu ya kupona. Anayeumia zaidi ni yule aliyegandia upande mmoja: anayelia tu bila kugusa maisha, au anayejifanya chuma, anafanya kazi tu na hamtaji marehemu kabisa.

Nililiona hili kwa macho yangu miaka mitatu kabla ya utafiti huo. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, mji huu ulipata mamia ya wajane na wagane kwa asubuhi moja. Wengi hawakupata hata mwili wa kuzika. Wengine ndugu zao wamelala pale Igoma kwenye makaburi ya pamoja. Kulikuwa na mama mmoja mtaani kwetu, muuza maandazi. Juma la tatu alirudi jikoni. Alikuwa anakanda unga machozi yanatiririka, anafuta kwa kanga, anaendelea. Watu walimsema sana. Watoto wake walisoma kwa maandazi yale, na mpaka leo akimtaja mumewe sauti inabadilika. Hakumsahau. Alikula na kulisha watu huku akimlilia.

Kwa hiyo rudi, lakini usirudi kwa mkupuo. Usianze na asubuhi ya mitumbwi kutua, kwa sababu ndiyo saa aliyoanguka. Nenda mchana, mwalo ukiwa mtupu, ukiwa na mwenzako mmoja wa kuanika ambaye mlielewana. Kaeni dakika chache, mwende nyumbani. Siku nyingine fika mpaka kwenye vichanja. Mimi kilichonishinda kilikuwa soko la samaki. Muuza samaki wangu alizoea kunichagulia sato mkubwa wa watu wawili bila kuniuliza, na kila nikikumbuka nitamwambia nini, naagiza mtoto wa jirani aende badala yangu. Siku nilipokwenda nilimwambia tu, "Siku hizi nipe mdogo." Akanyamaza, akanichagulia, akakataa hela. Nililia mpaka kituo cha daladala, na wiki iliyofuata nikaenda tena.

Ukianza kuanika, anza na ndoo chache. Sasa ni vuli, mvua inapiga bila taarifa, na mzigo mkubwa ukinyeshewa siku mbili unakuwa chakula cha kuku. Anika juu ya kichanja, siyo mchangani, uwe na turubai karibu. Dagaa wasio na mchanga ndio wanaotafutwa na wale wanunuzi wa kutoka Kongo na Rwanda pale Kirumba, na wewe unaijua bei kuliko mimi. Wapigie wateja wako wa zamani uwaambie umerudi. Usichukue mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili "uanze kwa nguvu". Nimeona wajane wamepoteza vitanda kwa mikopo ile. Mtaji wa kwanza utoke kwenye hesabu ya mtumbwi wako, na ndiyo maana lazima tuzungumze kuhusu nahodha.

Huyo nahodha si lazima awe mwizi. Mara nyingi tajiri, yaani mwenye mtumbwi, akifa, wavuvi hawajui wanamfanyia nani kazi, na kila mmoja anasubiri kuona nani atashinda. Muite yeye na viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo wenu, keti nao mchana mbele ya mzee mmoja unayemwamini. Sema mtumbwi uko chini yako kwa niaba ya watoto mpaka mirathi itakapokamilika. Nunua daftari. Kila asubuhi liandikwe: ndoo zilizotua, lita za mafuta, bei, mgawo wa wavuvi, kinachobaki. Nahodha asaini, nawe usaini. BMU wanajua mitumbwi ni ya nani, na leseni na usajili wa vyombo viko kwenye ofisi ya uvuvi ya halmashauri. Tafuta nakala ya karatasi zote zenye jina la mumeo, na uandike orodha ya kila kitu hadi taa moja moja, ikiwemo ile injini iliyochukuliwa na jina la aliyeichukua.

Na hapo tunaingia kwenye mirathi. Hii usiiogope na usiichelewe, kwa sababu hakuna mtu, si shemeji wala si wewe, mwenye mamlaka ya kugawa au kuchukua mali ya marehemu mpaka mahakama iteue msimamizi. Anza na cheti cha kifo. Kile kibali cha mazishi mlichopewa hospitali ndicho kinachotumika kuomba cheti RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kisha barua ya mtaa, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mahakama nyingi zimezoea kuuliza pia muhtasari wa kikao cha ukoo. Wakikataa kukaa kikao, usirudi nyumbani ukalie. Nenda mahakamani ukaeleze kwamba wamekataa.

Soma sehemu hii mara mbili. Utaulizwa marehemu aliishi kwa kufuata nini: mila, dini ya Kiislamu, au njia nyingine. Usijibu "mila" kwa mazoea kwa sababu tu mlizikana kikabila. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu kwenye urithi kama marehemu ana ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto. Ninyi mlifunga ndoa kanisani na mliishi maisha ya Kikristo, na hilo linaweza kubadilisha sheria itakayotumika na hata mahakama ya kwenda, kwa sababu Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Ndiyo maana nakuomba, kabla hujajaza fomu yoyote, kaa na mtu anayejua sheria. Hapa Mwanza kuna shirika la Kivulini linalosaidia wanawake, kuna wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa yenu itakuelekeza kwao.

Ukiteuliwa msimamizi, kumbuka msimamizi si mmiliki. Utakusanya mali, utalipa madeni, utagawa kwa warithi, na utapeleka hesabu mahakamani. Kwa Mahakama ya Mwanzo muda wa kupeleka orodha ya mali na hesabu ni miezi minne. Lile daftari la mtumbwi litakuokoa hapo. Na kuhusu siku za kwenda huku na huko kwenye ofisi, tumia siku za mwezi mkubwa. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka mwalo unalala. Siku hizo wengine wanashona nyavu. Wewe beba bahasha yako upande daladala kwenda mahakamani, hutapoteza hesabu ya hata asubuhi moja.

Sasa shemeji mdogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi anapopenda, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanaume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Imeandikwa hivyo zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Na watoto wako hakuna kikao cha ukoo kinachoweza kuwatenga nawe kwa simu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto, na mgogoro wa namna hiyo unapelekwa ustawi wa jamii na mahakamani. Wazee wakikuambia mila haiguswi, wakumbushe kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu hapahapa Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ilimpa mwanamke wa Kihaya haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, sawa na mwanaume. Mila zimeguswa, na ziwa halijakauka.

Lakini usimpigie mama mkwe ukamsomea vifungu. Yule mama amezika mwanawe. Inawezekana anaogopa kwamba ukiolewa kwingine wajukuu watampotea, na hajui kulisema hilo isipokuwa kwa njia aliyoikuta kwa mama yake. Mtafute mtu anayeheshimika pande zote mbili, katekista wenu au shangazi wa marehemu, akae pembeni yako wakati unaongea. Sema hivi: "Mama, nawashukuru kwa kunifikiria. Mimi ni mke wa mwanenu na mama wa wajukuu zenu, na hilo halibadiliki. Kuolewa sijawaza, na siku nikiwaza nitachagua mwenyewe. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili nitawaleta watoto Ukerewe wakae nanyi." Halafu uwapeleke kweli. Tiketi za meli za kwenda Nansio zitakupunguzia vita ambavyo mawakili wasingevimaliza.

Injini iliyoondoka, iulize kwa upole mbele ya shahidi huyohuyo, ukisema inahitajika kwenye orodha ya mahakama. Watu wengi husalimisha kitu wakisikia neno orodha. Asiporudisha, msimamizi akishateuliwa ana nguvu ya kuidai.

Kijana wako. Mtoto wa kiume wa kidato cha tatu aliyefiwa na baba anataka kuwa baba kesho asubuhi. Usimtukane kwa hilo, anakupenda. Mwambie una kazi kubwa zaidi kwake: yeye ndiye atakayepiga hesabu za lile daftari kila Jumamosi, kwa sababu ameshasoma hesabu za biashara na wewe hukusoma. Usiku alale nyumbani. Sekondari ya serikali haina ada tangu 2016, kwa hiyo kinachotakiwa ni sare, chakula na michango, na hilo mtumbwi mmoja unaoandikwa vizuri unalimudu. Nenda ukamwone mwalimu wake wa darasa umweleze kilichotokea. Utashangaa, yawezekana hajui.

Kiwanja cha Buswelu usikiguse kwa sasa. Usiuze, usiendelee kujenga, usimkopeshe mtu hati. Kila mtu atakayekuja na "dili" mwaka huu mwambie mirathi haijaisha. Ni kweli, na inatosha.

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi magari, Buhongwa. Mke wangu alifariki kwa saratani ya matiti, Januari ijayo itakuwa mwaka. Nina watoto wa miaka 12, 8 na 4. Dada zangu wanasema mwanaume hawezi kulea, wagawane watoto, mimi nioe. Mdogo anauliza mama atarudi lini, tulimwambia amesafiri. Binti mkubwa amekaribia kuvunja ungo na sijui pa kuanzia. Mimi mwenyewe sijalia mpaka leo.

Mgane, Buhongwa

JIBU

Marahaba baba. Pole sana. Umeuguza, umezika, umepika, na bado unaulizwa kama unaweza kulea. Unalea tayari.

Watoto usiwagawe. Wamempoteza mama, wakipotezana na wao kwa wao, na wewe pia, watakuwa wamefiwa mara tatu. Dada zako wana nia njema na wana mikono, kwa hiyo waombe mikono hiyo kwa kazi zinazojulikana: mmoja aje Jumapili afue na kupika mboga za siku mbili, mwingine awapokee watoto shule siku ambazo gereji inachelewa. Ndugu ukimwambia tu "nisaidie" atachukua mtoto. Ukimwambia "njoo Jumapili saa nne", atakuja na sufuria. Bibi yao mzaa mama, kama yuko upande wa Sengerema au Geita, siku hizi si mbali. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, hakuna tena kulala Kigongo unasubiri kivuko. Watoto waende Ijumaa, warudi Jumapili kwao.

Mdogo mwambie ukweli, na utumie neno lenyewe: mama amekufa. Mtoto wa miaka minne akiambiwa amesafiri, anasubiri, na anaanza kuogopa kila unapochukua begi. Mwambie mwili wa mama uliugua sana, madaktari walijitahidi, ukashindwa, na mtu akifa harudi. Ongeza mambo mawili ambayo watoto hawaulizi kwa mdomo: kwamba hakufa kwa sababu ya kosa lake mtoto, na kwamba wewe upo. Atauliza tena kesho. Mjibu tena, kwa maneno yaleyale. Mpelekeni kaburini aone.

Binti yako anahitaji mwanamke mmoja wa kudumu wa kuongea naye, shangazi, mama mdogo au mwalimu wa kike, amweleze kabla damu haijaja. Lakini usijitoe kabisa. Nunua pedi wewe mwenyewe, ziweke chumbani kwake, umwambie, "Mwanangu, hizi ni zako, zikikaribia kuisha niambie kama unavyoniambia kuhusu daftari." Atajisikia aibu siku moja, halafu atajua baba yake ni mtu wa kuambiwa mambo. Jambo moja la kitaalamu: mama yake alikuwa na saratani ya matiti, kwa hiyo binti akiwa mtu mzima amwambie daktari historia hiyo. Iandike mahali, usiitegemee kumbukumbu.

Kuoa ni haki yako na hakuna atakayekulaumu. Ninachokuomba ni usioe mpishi. Mwanamke aliyeletwa kuziba pengo la jikoni anagundua mapema, na watoto wanagundua kabla yake. Ngoja mpaka utamani kukaa na mtu hata kama chakula kimeshapikwa.

Na machozi yasikutie hofu yakija, wala yasipokuja. Wapo wanaume wanaolia kwa mikono, wanatengeneza, wanafagia kaburi, wanapanda maua. Ila tafuta mtu mmoja, fundi mwenzako au mchungaji wako, umsimulie ule ugonjwa tangu siku ya uvimbe wa kwanza hadi siku ya mwisho, bila kuruka. Umeubeba peke yako muda mrefu. Kama ukianza kusimulia koo linakaza, endelea tu.

SWALI

Bibi, rafiki yangu tunayefanya naye kazi saluni Mabatini amefiwa na mume. Mwezi wa kwanza tulikuwa wote kila siku. Sasa sijui nimwambie nini, na nimeanza kumkwepa. Nifanyeje?

Rafiki yake, Mabatini

JIBU

Mwanangu, huna haja ya maneno. Kwenye matanga kila mtu yupo, wali unapikwa kwenye masufuria makubwa, rambirambi zinaandikwa. Mwezi wa tatu na wa nne ndipo nyumba inanyamaza, na ndipo unapotakiwa. Nenda leo jioni na kilo ya sukari, mwambie ulikuwa hujui la kusema. Mtaje mumewe kwa jina. Anaogopa watu wameshamsahau. Usimwambie "ni mipango ya Mungu", hilo ameambiwa vya kutosha. Muulize Alhamisi mnakwenda saa ngapi kuchukua cheti cha kifo, na umsindikize, kwa sababu kusimama peke yako kwenye foleni ile ukisikia jina la mumeo linaitwa ni kugumu kuliko mazishi. Na ile siku ya tarehe aliyokufa, kila mwezi mpaka mwaka utimie, iweke kwenye simu yako ikukumbushe kumpigia.